Wajukuu wa Bibi Pangani: arobaini Jumamosi

Da Mkubwa, 1:40 usiku
Assalaam alaykum. Hitima ya Bibi Jumamosi baada ya alasiri. Nimepiga hesabu ya watu 100: mchele kilo 15, mbuzi wawili (mmoja ukimchuna hakupi zaidi ya kilo 12), vitunguu kilo 4, mafuta lita 3, bizari nzima robo. Juzuu 30 za Qurani, zimechukuliwa 11. Andikeni namba, msiniandikie "amina" tupu.

Mama Zuu, 1:52
Amina 🤲

Kijana wa Mwisho, 1:52
😂😂😂

Mama Zuu, 1:55
Haya, nipe Amma, juzuu ya mwisho, ndiyo fupi.

Da Mkubwa, 1:56
Amma wamepewa watoto wa madrasa. Na si fupi, sura zake ndizo fupi. Kurasa hazipungui.

Ba'mdogo Muscat, 2:20
Niandike 12 na 13, nasomea hukuhuku. Anapika nani? Yasijirudie ya hitima ya Babu, chini bokoboko, juu mchele mbichi.

Bi Mdogo, 2:31
Yale yalikuwa maji. Walipima viwili kwa kimoja kama wanapikia watu watano. Sufuria kubwa halipotezi mvuke mwingi, mchele ukisharowekwa supu kimoja na robo yatosha. Maji yakikaribia kukauka geuza mara moja, toa moto chini, palia makaa juu. Vitunguu viishie rangi ya kahawia, vikiwa vyeusi pilau lote chungu. Na bizari Bibi aliitwanga na saumu na chumvi ya mawe, akaitia baada ya nyama, isiungue.

Kijana wa Mwisho, 2:33
Mkate wa kumimina je? Hitima ya Bibi bila mkate??

Bi Mdogo, 2:40
Mchele ulale majini usiku kucha, usagwe kwa tui zito. Kilo moja, hamira kijiko cha chai. Bibi hakuangalia saa, aliangalia vipovu. Ukipanda ukashuka, umechelewa, huo utakuwa mchachu na mgumu.

Da Mkubwa, 2:44
Sufuria la Bibi la kilo 20 liko wapi?

Da Mkubwa, 3:10
Naona mmesoma watu 19.

Mjomba Chumbageni, 3:15
Waulizwe waliolibeba kabla hata matanga hayajaanuliwa.

Mama Zuu, 3:16
Nitaje jina, mjomba, usizunguke. Bibi alinipa kwa mkono wake. Lilikuwa limetoboka, nimeliziba kwa pesa yangu.

Kijana wa Mwisho, 3:17
Kumbe juzuu huna, sufuria unalo 😂

Babu Mdogo, 3:29
NIMESOMA YOTE. DADA YANGU ANADAIWA DUKANI ELFU 46, IMO DAFTARINI. ILIPWE KABLA YA MBUZI WA PILI. MBUZI MMOJA ATOSHA. KANGA ZAKE ZISIGUSWE MPAKA NIFIKE.

Da Mkubwa, 3:41
Sawa Babu, tumesikia.

Da Mkubwa, 3:43
Basi mbuzi mmoja, viazi kilo 8 vijazie. Juzuu 17 hazina msomaji.

Ba'mdogo Muscat, 4:50
Elfu 46 natuma mie. Kwa namba ya nani?

Mama Zuu, 5:06
Sufuria lije kufuatwa na gari, mimi silibebi. Na kifuniko sikupewa.