Majivu ya jiko la kuni: mnayatoaje, na mnayapeleka wapi?

Wakuu, naomba ushauri. Jiko letu la kuni hujaa majivu upesi, na nikiyazoa vumbi linatua hadi kwenye vyombo. Kuyamwagia maji nasita, maana majivu yaliyolowa huchubua ngozi na kulisha chuma kutu. Nayaweka kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta, kwani kaa lililofukiwa hubaki na moto hata siku kadhaa. (Ndoo ya plastiki msinitajie.)

Hasa nauliza kuhusu bustani. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, tena hupunguza asidi ya udongo. Mtu anajuaje kwamba sasa yametosha? Na majivu ya mbao zilizopakwa rangi, ambayo sitaki yaguse mboga, mnayatupa wapi?