Mrejesho: sabufa iliyokuwa ikivuma imetulia baada ya kubadili kapasita

Ndugu mafundi, nawasalimu kutoka Uyole, Mbeya. Mwezi uliopita niliwauliza kama kapasita mbili (vifaa vinavyohifadhi chaji na kutuliza umeme) za maikrofaradi 4,700, yaani kipimo cha uwezo wake, na volti 50 katika sabufa yangu ningeweza kuziwekea mbadala wa maikrofaradi 10,000, kwa kuwa ilivuma hata nilipochomoa nyaya zote za muziki. Nawashukuru sana mlionizuia, mkieleza kwamba kapasita kubwa mno huvuta mkondo mkali wakati wa kuwasha, na dayodi (zinazogeuza umeme uwe wa upande mmoja) pamoja na fyuzi ndizo huumia.

Nilipoifungua, kapasita moja ilikuwa imevimba kichwani. Utando wa kahawia uliokuwa chini yake, ambao nilidhani ni maji yaliyovuja, ulikuwa gundi ya kiwandani. Nilimaliza chaji iliyobaki kwa rezista, nikahakikisha kwa mita, ndipo nikazitoa zote mbili.

Sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, nilipewa kwanza za volti 35, nikazikataa, kwani nilikuwa nimepima volti 38 kwenye kila upande wa umeme wake. Hatimaye nilipata za maikrofaradi 4,700, volti 63, nyuzi joto 105, ambazo ni nene kidogo, hivyo nilipima kwa rula nafasi ya miguu na kimo chake kabla ya kulipa.

Mvumo ule mzito umekwisha kabisa. Umebaki mwingine hafifu ninapounganisha televisheni, nao hutoweka nikichomoa waya huo. Huo nauona ni wa ethi (waya wa ardhini), wala si wa kapasita.