MADA: Mi ya bibi na mi ya kinanda. Mtoto aanze kujifunza muziki na ipi?

Mleta mada

Wadau, naleta jambo linalonikaa moyoni, tulijadili kwa hoja.

Nimefundisha kwaya ya parokia na nimefundisha muziki shuleni. Kila nilikopita, somo linafunguliwa kwa namna ileile: mwalimu anachora mistari mitano ubaoni, anabonyeza kinanda, watoto wanafuata do, re, mi. Ngoma ya kwao inangoja siku ya wageni. Msimamo wangu: tumeanza mwishoni. Mtoto apewe kwanza miaka miwili au mitatu ya kusikiliza tu, miziki ya kwao, ya wengine, ya sasa na ya zamani. Nota zije baadaye.

Kilichonifikisha hapa ni aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilikuwa naandaa watoto kwa mashindano katika shule moja ya Ugogo. Tukamwita bibi mmoja aje kutufundisha wimbo. Watoto wawili waliokuwa wamezoea kinanda wakaninong'oneza, "Mwalimu, bibi anatoka nje ya ufunguo." Nami nilisikia hivyohivyo. Nikakaa kwenye kinanda, nikabonyeza mi, nikamwomba aifuate. Akanisikiliza kwa heshima, akaimba tena vilevile alivyoimba mwanzo. Nikabonyeza tena. Mara ya tatu akanyamaza, na wimbo ule hatukuupata.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba aliyekuwa anasahihishwa hakuwa amekosea. Wagogo hupanga sauti zao kwa kufuata sauti zinazozaliwa ndani ya sauti moja. Uguse uzi kwa wepesi huku ukiusugua kwa upinde, utausikia ukitoa mtetemo mara mbili ya ule wa mwanzo, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Mara tano ndiyo mi. Sasa chukua nusu toni ya kinanda, yaani kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, uigawe vipande 100. Mi ya uzi iko vipande kama 14 chini ya mi ya kinanda. Sauti ya mara saba, ile inayoipa miziki ya Wagogo utamu wake wa pekee, iko vipande kama 31 chini ya kitufe kilicho karibu nayo. Aliyewahi kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, na ilimba yake, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, anajua ninachosema hata kama hajawahi kuona hesabu hii.

Na si Ugogo peke yake. Makanisani Ulaya, karne ya 16 na ya 17, vinanda vingi vilityuniwa ili mi iwe safi, yaani palepale ilipokuwa mi ya bibi. Kugawa sauti sawasawa katika vitufe 12 kulikuja kutawala baadaye sana. Mtoto anayeanzia kwenye kinanda cha leo anafungiwa milango miwili kwa pamoja, wa Dodoma na wa Ulaya ya zamani, na hakuna anayemwambia kwamba milango hiyo ipo.

Karibuni.

Mwalimu wa kwaya, Moshi

Ndugu mleta mada, nakupinga, ingawa kisa cha bibi kimeniuma.

Unatupa nota zote kapuni kwa kosa la kinanda. Sisi wa kwaya hatukulelewa na kinanda, tulilelewa na solfa: d, r, m, f, s, l, t. Mfumo huu ulienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, wamisionari wakauleta, na hadi leo kwaya ya kijijini isiyo na umeme inaimba sauti nne kutoka kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao sisi tunauimba kama Mungu Ibariki Afrika, na aliuandika kwa solfa. Bila herufi zile wimbo ungetufikia vipi?

Na solfa haikulazimishi mi ya kinanda. Do iko popote unapoiweka, na mi inatafutwa kwa sikio. Kwaya nzuri isiyo na kinanda huishusha mi yenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu sauti zikikaa sawa zinaacha kugombana. Kwa hiyo mtoto wangu wa solfa na bibi yako wangeelewana bila shida.

Miaka mitatu ya kusikiliza tu? Mtoto akihama shule ndani ya muda huo anaondoka na nini mkononi?

Mzazi, Dar es Salaam

Naunga mkono mwalimu wa Moshi. Mwanangu anataka kuomba chuo, na kote tulikouliza tumeulizwa kama anasoma nota. Hakuna aliyeuliza amesikiliza nini. Tukubali tusikubali, karatasi ndiyo inayofungua mlango.

Mpiga fidla, Unguja

Assalaam alaykum. Nawasoma toka jana, naona mnagombea mi mbili. Huku kwetu iko ya tatu.

Katika Rasti, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu tunayoipiga katika taarabu, mi haipo kwenye kitufe cheupe wala cheusi, imekaa baina yao. Na si mahali pamoja kwa watu wote. Waturuki wanaiweka juu kidogo, Wamisri chini yake. Ukiipandisha hadi kwenye kitufe cheupe, msikilizaji wa Unguja aliyezoea hatokwambia kitu, lakini utamwona uso umembadilika.

Lakini ndugu mleta mada, nakuomba usiifanye hadithi ya "vya kwetu" na "vya wageni". Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu cha huku, imeanza 1905. Miaka hiyo taarabu ikiimbwa Kiarabu, na wengi waliokuwa wakiisikiliza hawakuwa wakifahamu maneno. Kisha Siti binti Saad, mtu wa Fumba, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akenda Bombay kurekodi santuri. Kwa hiyo ile mi ya Rasti, tunayoiita yetu, masikio ya Unguja yalijifunza. Haikuota hapa kama mkarafuu, na hata mkarafuu uliletwa.

Na ugomvi wenu si mpya. Cairo, mwaka 1932, ulifanywa mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu. Walikuwapo Béla Bartók na Paul Hindemith, watunzi wa muziki kutoka Ulaya. Wakabishana kama piano iingizwe katika muziki wa Kiarabu, na kama ngazi ya sauti igawanywe robo 24 zilizo sawa. Kwenye piano, Wamisri wengi ndio waliokuwa wakiitaka wakiona ndiyo maendeleo, na wageni kadhaa kutoka Ulaya ndio waliokuwa wakisema iachwe. Kwenye robo hawakuafikiana. Kila mmoja alikuwa akiogopa kupoteza kitu.

Mpiga kinanda wa bendi

Wakuu, msikisingizie kinanda. Vipo vinanda vya umeme vyenye swichi za kushusha kila noti kwa robo toni, na wenzangu wa taarabu ya kisasa wanavitumia. Tatizo ni mpigaji ambaye hajui kwa nini swichi ile ipo. Nimefanya kazi na vijana wanaosoma nota haraka kuliko mimi, lakini ukiwapigia sindimba wanahesabu moja mbili tatu nne na kupotea, kwa sababu mkono mmoja uko kwenye tatu na mwingine kwenye mbili. Mtoto wa mtaani anayecheza ngoma hiyo hahesabu chochote na hapotei.

Mleta mada

Asanteni. Nimejifunza, na sehemu fulani nimerudi nyuma.

Mwalimu wa Moshi, kuhusu solfa umenishinda. Nililaumu nota wakati kosa lilikuwa la kitufe, na lilikuwa langu mimi niliyekiamini kitufe kuliko mtu mzima aliyekuwa mbele yangu. Na miaka mitatu bila karatasi ni mingi, naiondoa. Mzazi wa Dar, mwanao asome nota, tena azisome vizuri. Hofu yako naielewa, mimi mwenyewe karatasi ndiyo iliyonipa kazi.

Ila neno moja siliachi. Mtoto anapojifunza mi kwa mara ya kwanza, ile ya kwanza inakuwa kipimo, na nyingine zote anazipima kwayo. Nimeona watoto wa miaka kumi wakicheka walipopigiwa wimbo wa ganuni, wakisema chombo kimeharibika. Hawakuwa na ubaya. Walikuwa na mi moja tu. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijaandika herufi yoyote ubaoni, nawasikilizisha mi zote: ilimba, kwaya isiyo na kinanda, ganuni, na kinanda chenyewe. Siwaambii ipi inatoka wapi. Nawaomba waiimbe kila moja na kuishika pumzi nzima. Wiki mbili za kwanza wanaziimba zote kama kinanda. Baadaye, wengine kabla ya wenzao, unasikia sauti inaanza kuteremka yenyewe. Siku hiyo darasa hunyamaza, kwa sababu wote wameisikia.

Hapo ndipo ninapoandika m ubaoni, na wanajua kwamba herufi hiyo ni jina la nyumba yenye vyumba kadhaa.

Maalim wa Unguja, nina swali moja. Ya Rasti ndiyo inayowashinda. Ya bibi wanaifikia, lakini ile ya katikati wanaipita kila mara, juu au chini. Ninyi huwafundishaje?

Mpiga fidla, Unguja

Usiwape sauti moja peke yake, hawataiona. Wape wimbo mzima ulio ndani ya Rasti, mfupi, wenye maneno ya Kiswahili wanayoyajua. Mimi nilikaa nyuma ya marehemu ami yangu akipiga udi, nikiitikia viitikio siku nyingi kabla sijapewa upinde, na jina la Rasti nimelijua nikiwa tayari naipiga. Ukija Unguja nambie, nitakurikodia viitikio vitatu ukawape.