Majoka yanaruka, ila kubakwa ndio "uhalisia"?

BintiKisasa: Wana Dodoma mnaosoma riwaya za falme na majoka, mje. Nimekwama njiani na A Game of Thrones. Daenerys ana miaka 13, kaka yake anamuoza kwa mbabe wa wapanda farasi ili apate jeshi. Nikilalamika naambiwa ndivyo zama zile zilivyokuwa. Zama zipi, na ufalme wenyewe ni wa kubuni? Mwandishi kaweza kuleta majoka, kashindwa kumwacha binti alale salama?

MzeeWaMajengo: Vita bila ukatili ni ngonjera. Ile ni historia ya Uingereza, koo za Lancaster na York zilizopigania kiti cha ufalme, kabadilisha majina tu. Kama moyo mwepesi, rudi kwenye tamthilia zako za Kifilipino.

ZabibuChungu: Tamthilia za Kifilipino zimekukosea nini, mzee? Majengo nzima jioni ukipita dirishani ni hizo hizo.

FundiAreaC: 😂😂 Mzee ni wa za Kituruki huyo.

MzeeWaMajengo: Mimi natazama taarifa ya habari. Rimoti anayo mama watoto.

MwlNkuhungu: Mzee, hiyo historia umeishika mkia. Margaret Beaufort alimzaa Henry VII, aliyekuja kuwa mfalme wa Uingereza, mwaka 1457, ana miaka 13, na hakuzaa tena. Uzeeni akapinga mjukuu wake kupelekwa mapema kwa mume. Kumbe hata zama hizo walikuwepo waliosema hapana.

FundiAreaC: Mimi nilitazama tamthilia yake, Game of Thrones, nikaacha kwenye harusi ya yule binti Sansa, anapobakwa na mumewe.

BintiKisasa: Na kitabuni si Sansa! Ni Jeyne Poole, rafiki yake. Tamthilia ndiyo iliyombebesha Sansa, 2015. Halafu kamera ikamwacha yeye, ikaganda usoni kwa Theon, aliyelelewa kwao Sansa, akilia. Yaani anabakwa binti, tunaombwa tumhurumie mwanamume anayetazama. Hapo ndipo panaponichoma.

MzeeWaMajengo: Mkia nimeushika mimi? Mwalimu unakimbilia Uingereza ya 1457 wakati Sheria ya Ndoa yetu ya 1971 inaruhusu binti wa miaka 15 aolewe, mzazi akiridhia. Anzia nyumbani.

ZabibuChungu: Hicho kifungu mwanaharakati Rebeca Gyumi alikishinda Mahakama Kuu 2016, serikali ikakata rufaa ikashindwa tena 2019. Usituletee habari za juzi.

MzeeWaMajengo: Korti ni korti, Bunge ni Bunge. Lipo hapo hapo mjini, panda bodaboda ukaulize.

ZabibuChungu: Nauli utatoa wewe?

MwlNkuhungu: Mzee kumbe uko upande wetu?

MzeeWaMajengo: Nina mabinti watatu. Sijasema niko upande wa mtu.

BintiKisasa: Jamani, mimi nilitaka kujua niendelee au kitabu nikirudishe kwa mwenyewe.

FundiAreaC: Nipe mimi. Ila Zabibu, ile ya Kifilipino ya mapacha waliobadilishwa hospitali iliishaje? Umeme ulikatika.