"Nani alikutuma?" Eti mimi! Mbele ya watu 14!

Wakuu, natoka kikaoni sasa hivi, mikono inatetemeka.

Bosi mnamjua, simtaji. Kumpata ofisini ni kama mwezi wa Ramadhani, mpaka watu wapande paa. Juni nzima yuko safarini. Dokezo langu la kuomba matairi limelala mezani kwake mpaka limeota ukungu, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, hela isiyotumika inarudi Hazina. Nikampigia, hapokei. Akatuma sauti WhatsApp, ninayo: "Malizana na manunuzi na uhasibu moja kwa moja, usinisumbue."

Nikamalizana! Nimekesha manunuzi, NeST, ule mfumo wa manunuzi wa serikali mtandaoni, inazunguka tu, nimembembeleza mhasibu kama mchumba. Matairi yakaja.

Leo mkuu wa uhasibu kamwambia, "Kijana wako katusaidia sana." Bosi akavua miwani. "Nani alikutuma?" Dada wa chai kaganda na birika mkononi. "Nani alikutuma uzunguke kwenye idara za watu?"

WEWE! Wewe ndiye uliyenituma!

Kiboko ya Faili: Ukamjibuje?

Mleta uzi: Koo lilikauka. Nikasema samahani bosi.

Kiboko ya Faili: Sauti iko kwenye simu, simu iko mfukoni, unaomba samahani! 😂😂 Hata mimi nauliza, nani alikutuma?

Binti Masijala: Mwenzio nikiambiwa kwa mdomo naandika baruapepe hapo hapo, "kama ulivyonielekeza", nakala idara zote.

Mhasibu Mchovu: Na nyie wa moja kwa moja mnatuponza. Unaleta dokezo halina saini ya bosi wako, mkaguzi akija hoja ni yangu, wewe uko kwenu unakunywa soda.

Mleta uzi: Watu 14 mkuu! Na dada wa chai!

Mzabuni Halali: Afadhali wewe mshahara unaingia. Mimi nimeshatoa risiti ya EFD, tarehe 20 TRA wanataka VAT yao, na hela yenyewe sijaiona. Manunuzi wananipeleka uhasibu, uhasibu wananirudisha manunuzi.

Mhasibu Mchovu: Hati ya kupokea mzigo umeambatisha?

Mzabuni Halali: Mtunza stoo yuko likizo.

Binti Masijala: Likizo! Yangu ya mwaka jana mpaka leo haijasainiwa.

Mleta uzi: Jamani, mada yangu…

Kiboko ya Faili: Binti, fungua uzi wako, tunakuja.