Jengo la ghorofa nne katikati ya nyumba za chini: nani asikilizwe?

Mtoa mada: Kiwanja kinachopakana na nyumbani kwangu, kilichokuwa na nyumba moja na bustani, kimeombewa kibali cha jengo la ghorofa nne. Sipingi ujenzi; ninauliza maji yatakwenda wapi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 50 juu ya paa na zege la mita za mraba 400 ni lita 20,000. Sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa ikinywewa na udongo, na sasa yote yatasukumana katika mtaro uleule mwembamba unaopita kando ya ukuta wangu, ambao tayari una ufa unaopitisha kidole.

Mchangiaji wa pili: Wenye nyumba huanza na maji, wakaishia kwenye thamani ya nyumba zao. Mji wa Auckland, New Zealand, uliporuhusu mwaka 2016 nyumba nyingi zaidi katika maeneo ya makazi, ujenzi uliongezeka, na wasio na makazi ndio wanaouhitaji. Ninyi mmekwisha kuvuka, mnataka kivuko kivunjwe. Hofu yenu hasa ni wapangaji.

Mtoa mada: Hilo la wapangaji limeniuma. Nimepanga miaka kumi na tisa, tena chumba kimoja na watoto watatu, kwa hiyo sifundishwi adha ya kupanga. Nimetaja mtaro, nimejibiwa tabia yangu.

Mchangiaji wa pili: Kama ulipanga miaka yote hiyo, ulipaswa kuwa wa kwanza kuwafungulia wenzako.

Mchangiaji wa tatu: Hata New York, sheria ya mwaka 1916 ya kupanga matumizi ya ardhi ilisukumwa kwa sehemu na jengo moja refu lililokuwa likiwaziba jirani zake jua, kwa hiyo malalamiko ya jirani si uchoyo tu. Mimi ni mpangaji, ninakaa chini kabisa katika jengo la ghorofa kama hili linaloombewa kibali. Mvua kubwa ikinyesha, maji machafu hupanda kupitia tundu la bafu, nami huinua godoro juu ya meza na kusubiri. Mtoa mada, mchoro wa mitaro umeonyeshwa kwa majirani kabla ya kibali, au mmeonyeshwa picha ya jengo tu?

Mtoa mada: Picha tu.