Mtoto kaandikiwa insha na simu, mwalimu kampa 17/20. Tulaumu nani?

Mpare_wa_Mjini
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.
Kijana wangu yuko kidato cha pili, bweni. Likizo hii alipewa kazi kibao, mojawapo insha ya Kiswahili: "Likizo nisiyoisahau". Ameshairudisha, imesahihishwa, jumamosi ya kutembelea nikalikagua daftari. Nanukuu: "Majani ya vuli yenye rangi ya dhahabu yalikuwa yakidondoka taratibu huku nyanya akinimiminia chai kando ya moto wa ukutani."
Jamani. Kwanza, nyanya ni ya kachumbari, bibi yake anaitwa bibi. Pili, bibi huyo yuko Same, moto wake una mafiga matatu, ukutani hakuna kitu zaidi ya kalenda ya chama. Tatu, vuli ya wapi hiyo inayopukutisha majani? Kwetu vuli ikifika ndipo watu wanashika majembe.
Nikambana, akasema: ni simu ya mama, kaiuliza akili mnemba (AI). Sasa tazama alama: 17/20, tiki mbili nyekundu, na "Vizuri sana, ongeza bidii".
Swali langu: shuleni kwao simu ni marufuku, ukikamatwa nayo inapondwa mstarini na wewe unasimamishwa. Nyumbani anakaa nayo mwezi mzima hakuna anayemuuliza. Si bora shule ziziruhusu, wafundishwe kuzitumia? Au tubane kote kote?

Kongoro_la_Jumapili
Kwa hiyo simu imekupita wewe alama za kidato cha pili. Hongera kwa simu.

Bi_Tausi
Naunga mkono ziruhusiwe, tena jana. 2020 shule zilifungwa kwa corona kuanzia katikati ya Machi, wadogo wakarudi mwisho wa Juni. Wangu walisoma kwa simu, wa jirani yangu walihesabu mbuzi. Halafu mtoto huyohuyo anamaliza kidato cha nne hajawahi kuandika barua pepe, anaomba kazi anaulizwa ujuzi wa kompyuta. Tunaficha kisu halafu tunashangaa hajui kukata nyama.
Ila kwa walimu hawa wa Voda Fasta sijui nani atamfundisha nani. Mtu anasoma vuli inapukutisha majani na anaweka tiki!

Chaki_Mkononi
Bi Tausi, umeandika aya nzima ya maana, mimi nimebaki na mstari wa mwisho.
Mimi ni huyo Voda Fasta. Nilimaliza kidato cha sita tukachukuliwa mafunzo ya wiki chache, tukarushwa shule za kata kama vocha ya simu, ndiyo maana mkatupa hilo jina. Nilifika nikakuta madarasa mawili, la tatu halina paa, walimu wawili pamoja na mkuu. Mkuu akanipa chaki tatu na kipindi cha Hisabati, mimi wa masomo ya sanaa. Usiku nasoma kwa koroboi sura ambayo asubuhi nawafundisha. Nyumba ya mwalimu? Nililala ofisini miezi minne, godoro nalisimamisha nyuma ya kabati kabla watoto hawajaingia.
Shahada nimesoma baadaye nikiwa kazini, kwa mshahara wangu. Miaka yote hiyo sijaona mzazi hata mmoja wa mtandaoni akija kuuliza daftari la mwanawe lina nini.

Bi_Tausi
Sikukutaja jina. Ukirusha jiwe gizani ukasikia "yalaa", ujue limempata mtu.

Chaki_Mkononi
Na anayerusha mawe gizani usiku tunamwitaje?

Mzee_wa_Kiroka
Acheni kurushiana. Hao Voda Fasta hawakuanza jana, ni ugonjwa wa zamani. Mwalimu Nyerere alipotangaza Azimio la Arusha akawachukua vijana wa darasa la saba kuwa walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Tangu hapo elimu ikalala chali. Mavuno tuliyaona kwenye matokeo ya kidato cha nne 2012, zaidi ya nusu sifuri.

Jembe_Halimtupi
Mzee, ukitaka kumsema marehemu pangilia miaka yako vizuri. Azimio la Arusha ni Februari 1967. Mwezi uliofuata ndiyo likaja andiko la Elimu ya Kujitegemea. UPE ilitokana na Azimio la Musoma, 1974, na utekelezaji nchi nzima ni 1977. Ni maazimio mawili tofauti.
Halafu huyo "darasa la saba" unayemdharau ndiye aliyenifundisha a e i o u chini ya mwembe, na anayeandika hapa ni mhasibu mstaafu. Alikuwa akitushika mkono mmoja mmoja kuchora herufi kwenye mchanga, na kijiti chake alikuwa akikichonga mwenyewe. Miaka ya themanini nchi hii ilikuwa ikitajwa duniani kwa watu wazima kujua kusoma. Waliifanya kina nani hiyo kazi? Maprofesa?

Mzee_wa_Kiroka
Sawa, Musoma. Hoja iko palepale.

Jembe_Halimtupi
Hoja ipi? Ulikuwa na mwaka tu, na wenyewe umeukosea.

Mwana_Likoni
Wabongo, samahani nawakatiza. Mwenye mada asema "nyanya ni ya kachumbari". Huku Mombasa na Kenya nzima nyanya ni mamake mama au mamake baba. Ukisema huku "nimekwenda kumtembelea bibi yangu" watu watakuuliza ulioa lini. Kwa hivyo simu haikukosea, ilisoma Kiswahili cha watu wengine. Mwajifanya lugha mlizaliwa nayo pekee yenu?

Mpare_wa_Mjini
Ndugu yangu, sijakitukana Kiswahili cha Kenya. Nasema tu mtoto wa Same hawezi kuamka asubuhi akawa na nyanya.

Kongoro_la_Jumapili
Anaweza, kama mama katoka gengeni.

Mwana_Likoni
Cheka tu. Na hiyo "akili mnemba" pia ni yenu. Huku twaita akili unde, kitu kilichoundwa. Mnemba ni nini?

Mtu_wa_Nungwi
Mnemba ni kisiwa, nakiona nikiwa naandika hapa. Watalii wanazamia huko kutazama samaki. Akili yake sijaisikia.

Mpare_wa_Mjini
Naona tumeshapita Arusha, Musoma na Mombasa, sasa tuko baharini. Naomba turudi kwenye simu.

Mwana_Likoni
Turudi basi. Ya vifaa twaijua sisi. Serikali yetu ya Jubilee hapa Kenya 2013 iliwaahidi watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi. Vilipokuja, 2016, vilikuwa vishikwambi. Shule ya mpwa wangu vilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu, kabati la chuma, kufuli mbili. Watoto walivigusa siku ya wageni. Kifaa si elimu.

Bi_Tausi
Na huku vishikwambi vya sensa ya 2022 wamegawiwa walimu. Mwalimu Chaki, chako kinafanya kazi gani, au ni cha kuangalia mpira?

Chaki_Mkononi
Unanifuata mpaka kwenye kishikwambi. Sawa, nijibu.
Ninacho. Bando nanunua mwenyewe. Na kwa kuwa humu hamnijui, niseme ukweli: andalio la somo naandikiwa na hiyo hiyo akili mnemba, narekebisha naprinti, mkaguzi anasaini. Zamani lilinila jioni nzima. Sasa hivi dakika kumi.
Kuhusu insha: nina mikondo mitatu, kila mmoja watoto themanini na kitu. Weka 240. Ukisoma kila insha dakika tano ni saa ishirini, na hiyo ni kazi moja ya likizo, somo moja, bila kufundisha wala kula. Kwa hiyo nasoma aya ya kwanza na ya mwisho, katikati natazama mwandiko na urefu. Mwalimu wa mtoto wako simjui, ila naijua tiki yake. Ni tiki ya saa tano usiku.

Bi_Tausi
Yaani umekiri mwenyewe!

Chaki_Mkononi
Nimekiri. Sasa na wewe kiri: mara ya mwisho kusoma insha ya mwanao ni lini?

Kongoro_la_Jumapili
Nimeelewa sasa. Simu inatunga somo, simu inaandika insha, kesho simu itasahihisha. Mtoto arudi tu akasaidie kuhesabu mbuzi wa jirani ya Bi Tausi.

Bi_Tausi
Wangu wameshamaliza shule. Insha zao nilizisoma, si zote. Na hilo jina la Voda Fasta nalifuta, japo tiki ya vuli siifuti.

Jembe_Halimtupi
Mimi niulize kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Hiyo sentensi ya "majani ya vuli yenye rangi ya dhahabu", kuna mtu humu iliyemuudhi kabla Mpare hajaeleza? Maana ni nzuri. Inafanana na zile tulizokaririshwa kwenye insha: "jua lilikuwa likichomoza kwa madaha". Sisi tuliandikiwa na vitabu, tukazimeza, tukapata alama. Hakuna aliyetuuliza kama jua la kwetu lina madaha.

Mzee_wa_Kiroka
Usilinganishe kukariri na kuiba. Aliyekariri kitu kimeingia kichwani. Huyu hata akiulizwa nini maana ya "taratibu" huenda asijue.

Jembe_Halimtupi
Hapo mzee nakuunga mkono, na tusizoeane.

Mpare_wa_Mjini
Kijana nimemuuliza kwenye simu ya patroni: vuli ni nini? Akajibu bila kusita, "ni kipindi majani yanapokauka na kudondoka." Aliyemfundisha hilo si mwalimu wala si mimi. Nimekaa kimya kama dakika nzima, patroni akadhani mtandao umekata.
Jioni nikampigia mama yangu Same nikamsomea ile sentensi yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza huyo nyanya ni nani na anafanya nini nyumbani kwake. Nikamweleza. Akasema kijana akifunga tu shule Desemba nimpeleke moja kwa moja, jembe la mpini mfupi liko, palizi ya mahindi ya vuli itamngoja, na simu nibaki nayo mimi. Insha nyingine ataiandika akitoka shambani, kwa mkono, na mimi nitaisoma yote, pamoja na katikati.

Chaki_Mkononi
Akimaliza iweke hapa. Nitaisahihisha mchana.

Mwana_Likoni
Na ile ya nyanya bado hujaniomba radhi.